Zimeni Redio, Nimsikie

Ndugu zangu, mnazijua zile nyumba ambazo mpita njia akizifikia hupunguza mwendo kwa utulivu wake? Nyumba ninayotaka kuwaeleza ilikuwa hivyo, ukiitazama kwa nje. Sebuleni mama, mshona mapazia, alikuwa kwenye cherehani yake, mguu ukikanyaga, kitambaa kikimiminika kutoka mezani hadi sakafuni. Barazani baba, seremala, alikuwa akipiga msasa mguu wa kiti na kuupuliza vumbi kama mtu anayepoza chai. Katika chumba cha nyuma binti yao, kitinda mimba, alikuwa amekumbatia gitaa kavu, lisilotumia umeme, akitafuta neno la kumalizia wimbo.

Mtaa mzima ulimwita Nyuzi. Alikulia chini ya cherehani ya mama yake akichezea nyuzi za rangi, na alipokua akahamia nyuzi za gitaa, jina likamfuata.

Muziki alioupenda haukupendwa na mtu mwingine pale nyumbani isipokuwa kaka yake mkubwa, fundi simu, ambaye ndiye aliyemwambukiza. Alimjazia simu nyimbo za aina tatu. Za kwanza ni za pop-panki, za kasi na tamu, zinazokufanya uruke kitandani huku ukilia kwa kuachwa na mpenzi ambaye hujawahi kuwa naye. Za pili ni za hadikoo, ambazo mwimbaji haimbi bali anafoka mpaka mishipa ya shingo inamtoka, na ngoma zinapigwa kama mlango unavunjwa. Za tatu hazikuwa na kitu ila mtu na gitaa kavu, kwa sauti ndogo, kama anakunong'oneza jikoni.

"Sasa huo ni muziki au kuna mtu anauawa?" baba aliuliza siku moja, hadikoo ikiwa imepamba moto.

"Ni muziki, baba."

"Basi huyo anayeimba apelekwe hospitali. Na wewe punguza. Nyumba hii ina heshima zake."

Nyuzi alipunguza. Kutoka chumba cha pili kaka mkubwa akagonga ukuta kwa vidole, akiendeleza mdundo pale ulipokatwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yao. Dada akipiga gitaa upande huu, kaka hugonga ukuta upande ule. Walitunga nyimbo nzima bila kuonana uso.

Lakini kaka mkubwa alikuwa anakunywa. Siyo kunywa kwa kuchangamka na wenzake. Alikunywa pombe kali ya chupa ndogo, ile inayoingia mfukoni bila kutuna, asubuhi kabla ya kufungua kibanda na mchana kabla ya kula. Na hapa, wasomaji wangu, ndipo ugonjwa wa nyumba hii ulipo, kwa sababu si mmoja tu aliyeumwa. Kila aliporudi amelewa, baba aliongeza sauti ya redio na mama akavuta pazia. Mama alikuwa amelishona mwenyewe pazia lile, kitambaa kizito cha hoteli, lenye bitana mara mbili, ili jirani asione hata kivuli. Redio nayo ilifunika kutapika, kulia na kuanguka. Majirani walisema, "Seremala anapenda taarifa ya habari, jamani." Naye seremala alicheka nao.

Jioni aliyokufa kaka mkubwa, redio ilikuwa juu kama kawaida. Nyuzi naye, kwa kuwa kelele ilikuwepo tayari, alikuwa anapiga gitaa kwa nguvu zake zote. Akasikia ukuta unagongwa. Akafurahi. Akadhani kaka anamfuata, akaongeza kasi, na ukuta nao ukagongwa kwa kasi, kisha ukaacha. Alidhani wimbo umemchosha.

Watu walipokuja kuzika waliambiwa kifua. "Alikuwa na kifua siku nyingi," baba alisema, na mama akaitikia kwa kichwa. Nyuzi aliwatazama wote wawili. Toka siku ile hakuweza tena kupiga gitaa akiwa ameegemea ule ukuta.

Kibanda cha simu kikarithiwa na kaka wa pili, ambaye wenzake walimwita Mrefu. Akarithi na chumba. Haukupita muda akarithi na chupa.

"Mama, Mrefu anakunywa," Nyuzi alisema, mama akiwa anashona.

"Mrefu amechoka. Kazi ya kuinamia simu kutwa nzima unaijua?"

"Kaka naye alikuwa anachoka hivyohivyo."

Cherehani ndiyo iliyojibu. Mguu uliongeza kasi mpaka pindo likaenda upande, na mama yule hakuwahi kukosea pindo maishani mwake.

Nyuzi akaenda kwa baba. Baba aliweka randa chini.

"Unataka tutangaze?" akauliza. "Mwanangu anaposa watu wakiwa wameshaanza kunong'ona? Ataponywa na ndoa. Akioa atatulia."

"Na asipotulia?"

"Nenda kapige gitaa lako. Polepole."

Basi akaenda, na hakupiga polepole. Alikwenda gereji ya rafiki yake makanika, aliyejitengenezea ngoma kwa madumu na rimu za magari, wakafunga mlango na kufoka mpaka paka wa gereji akahama. Huko ndiko alikoanza kutunga wimbo alioshindwa kuumalizia, na mstari wake wa kwanza ulisema: Kaka hakufa kwa kifua.

Siku ya wageni ikafika. Walikuwa wanakuja kuitazama nyumba watu wa upande wa mchumba wa Mrefu: baba yake, dereva wa lori, mtu wa maneno machache, na shangazi yake, mama mnene mwenye macho ya kuona kila kitu. Mama alitundika mapazia mapya. Baba alitengeneza kiti kimoja maalumu cha dereva, kipana, akakikalia mwenyewe kwanza kukijaribu. Shati la Mrefu lilipigwa pasi likaning'inizwa mlangoni.

Mrefu alirudi mchana akiwa hawezi kusimama. Baba na mama wakamshika huku na huku, wakamlaza chumbani kwake, wakavuta pazia, wakafunga mlango. Redio ikawashwa. Wageni walipoingia wakaikuta ikitangaza bei za mazao kwa sauti ya kutoboa masikio.

"Na bwana harusi wetu yuko wapi?" shangazi aliuliza, akipaza sauti kushinda redio.

"Mafua," baba alisema. "Mafua makali. Tumeona asije kuwaambukiza."

"Pole zake. Basi tupunguzieni hiyo redio, tusije tukamwoza binti yetu kwa mkulima wa mahindi."

Wakacheka. Baba alicheka kuliko wote, lakini mkono wake haukwenda kwenye redio. Na katikati ya kicheko kile umeme ukakatika.

Redio ilizimika. Nyumba ile, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, ikawa kimya mchana. Nyuma ya mlango ikasikika sauti ya mtu anayeguna, kama anayebeba mzigo asioweza kuutua. Dereva aligeuza shingo.

"Nyuzi," baba akasema haraka. "Lete gitaa. Wapigie wageni wimbo."

Nyuzi hakuamini. "Upi, baba?"

"Wowote. Ule wenu wa makelele. Piga kwa nguvu, mwanangu, wageni wafurahi."

Maisha yake yote alikuwa amengoja maneno hayo. Akalileta gitaa, akasimama katikati ya sebule, akaanza. Alilipiga gitaa kavu kama vile ni ngoma, mguu ukigonga sakafu, sauti ikikwaruza. Shangazi akashika kifua kwa mshangao, kisha akaanza kutikisa bega. Hata dereva alitabasamu. Nyuzi akamwona baba yake amefumba macho, jasho linamtoka, midomo inasema piga, piga. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hakupewa jukwaa. Alikuwa amewekwa mahali pa redio.

Kisha ukuta ukagongwa.

Uligongwa pasipo mpangilio, mara mbili, ukanyamaza, mara moja. Kaka mkubwa alijua mdundo. Mrefu hakuwahi kujua hata kupiga makofi na wenzake. Nyuzi akalaza kiganja juu ya nyuzi, zikafa.

"Endelea," baba akasema.

"Siendelei."

"Nimesema endelea, mwanangu. Usiniaibishe." Sauti yake haikuwa ya amri tena. Ilikuwa ya kuomba.

"Kaka aligonga hivi, nikampigia gitaa," Nyuzi alisema. "Huyu simpigii. Hayo siyo mafua, shangazi. Amelewa, na anakufa humo ndani."

Mama alitoa sauti ndogo. Baba aliinuka akasimama mbele ya mlango wa chumba, mikono imetandazwa, seremala amekuwa mlango mwenyewe. Nyuzi alimtazama usoni hakumkwepa.

"Baba, sogea."

"Binti..."

"Nitapita juu yako. Sogea."

Akasogea.

Mrefu alikuwa sakafuni chali, matapishi yamemjaa kinywani, mkono umefika ukutani na kuangukia hapo. Shangazi aliwapita wote, akapiga magoti na gauni lake la wageni, akamgeuza ubavu, akamsafisha kinywa kwa khanga yake. "Avute hewa kwanza," alisema. "Aibu baadaye. Washeni gari." Dereva alikuwa ameshatoka kwenda kuwasha pikapu waliyokuja nayo. Nyuzi alilishika pazia zito la mama yake, akalivuta likang'oka na fimbo yake, wakambebea humo.

Hospitalini daktari aliwaambia kwamba wangechelewa kidogo tu wangeleta maiti. Mrefu alilazwa wiki kadhaa. Kutoka pale alipelekwa kwa watu wanaowasaidia walevi kuacha, na kazi hiyo, msidanganyike, haikuwa ya siku moja wala ya mteremko. Mara moja alitoroka. Nyuzi alimfuata kilabuni, akamwita kwa sauti ile ya hadikoo mbele ya wanywaji wote, mpaka akatoka.

"Ulinivua nguo mbele ya wakwe zangu," Mrefu alimwambia njiani.

"Nilikuvua. Na upo hai unanilaumu. Nilaumu tu, nitakusikiliza."

Ama kuhusu posa, dereva alizungumza mara moja tu. "Ningemtoa binti yangu nikidhani namwoza kwa mwenye mafua," alimwambia baba. "Kijana akikaa mwaka mzima bila chupa, aje mwenyewe kwa miguu yake. Ninyi msimsemee." Binti alikubali kungoja, naye alikuwa na haki ya kukataa.

Ikabaki kesi ya wimbo. Nyuzi alikuwa ameumaliza. Baba alimkataza. "Mmoja ameshapona, yametosha. Yule aliyekufa mwache apumzike."

"Hapumziki, baba. Kila siku tunamzika na ugonjwa usiokuwa wake."

Jumamosi, jua likiwa bado juu, alifungua milango yote miwili ya gereji ikatazama barabarani. Makanika akakaa nyuma ya madumu yake. Nyuzi akaanza na gitaa peke yake, kwa ile sauti ya jikoni:

Kaka hakufa kwa kifua,
alikufa kwa chupa mkononi,
alipogonga ukuta tumsikie
tuliongeza sauti ya redio.

Kisha madumu yakaingia, naye akafoka kwa koo lake lote: Zimeni, zimeni, zimeni redio, nimsikie. Watu walisimama na vikapu vyao. Wengine walicheka, halafu wakaacha kucheka. Mama mshona mapazia alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mkasi bado mkononi, hakuondoka.

Jirani mmoja alitembea mpaka barazani kwa seremala.

"Fundi, unasikia? Binti yako anawaambia watu mwanao hakufa kwa kifua."

Baba alikuwa anapiga msasa. Akaacha. Wimbo uliwafikia pale wazi kabisa, maana ndani ya nyumba hakukuwa na redio iliyowashwa.

"Binti yangu hasemi uongo," alisema. "Redio niliiongeza mimi."

Jirani akaketi kwenye kile kiti kipana cha dereva. Wakausikiliza wimbo mpaka mwisho.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mlevi aliyefichwa hafichiki ila kwa wale ambao wangemsaidia. Mnapovuta pazia mnawazuia majirani wasione, lakini chupa imo ndani naye, na inamwona vizuri. Msiseme mafua kama siyo mafua. Semeni jina la ugonjwa mapema, mgonjwa angali hai na aweza kulichukia jina hilo.

Na mtoto wenu anayepiga muziki msioupenda, msimwite mhuni kabla hamjasikia anachokisema. Huenda ndiye peke yake nyumbani mwenu anayesema kweli, na anaisema kwa kelele kwa sababu mmekuwa mkiongeza sauti. Nanyi vijana, mkiambiwa mpige ili kufunika kilio cha mtu, wekeni kiganja juu ya nyuzi. Kwanza sikilizeni ukuta. Mtapiga baadaye, milango ikiwa wazi.