Askari Aliyetolewa Bure

Askari mweusi wa sataranji aliyeliwa alikuwa na joto, kama yai lililotoka kwa kuku sasa hivi.

Theuri, fundi wa cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa la Jagdish, mjini Nyeri, hakujali. Mwaka ule wa 1971 alijali mambo mawili tu: pindo za suruali, na kumfunga Jagdish sataranji saa ya chakula. Siku zote alichukua weusi. Weupe wakianza tu, yeye husukuma askari mmoja mbele ya meno ya adui, aliwe bure, ili wakubwa wake wapate njia ya kushambulia. Na kwa kuwa kwao Tetu ng'ombe ni mtu wa nyumbani, alimpa askari huyo jina la ng'ombe wake.

"Kula Njeru, tajiri! Utavimbiwa!"

Jioni, wakikusanya kete, askari aliyeliwa hayupo.

"Fundi, wewe naficha," Jagdish akanung'unika.

"Nimfichie nini, nimkamue? Wewe ndio uko na mifuko mikubwa!"

Wakapekuana kama polisi. Asubuhi Njeru akakutwa amekufa zizini, bila jeraha. Siku ya pili akatolewa Kairu, ng'ombe wake wa mwisho. Askari akapotea, ng'ombe akafa. Wakaziba mapengo ubaoni kwa vifungo vya koti, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa kando.

Siku ya tatu Theuri akasukuma kifungo. "Ng'ombe wameisha. Leo natoa bibi! Kula Wacera!"

Jagdish hakucheka. "Fundi," akanong'ona, "hii ubao, mtu ya Mombasa aliniuzia, alisema iko na jini. Nilidhani anapandisha bei."

"Basi usimle! Mimi nilikuwa natania!"

"Sijagusa."

Lakini askari mweupe alikuwa anateleza kimshazari kuelekea kifungo, bila mkono wa mtu, akikwaruza ubao kama kwato juu ya jiwe, na harufu ya ngozi mbichi ikajaa baraza nzima, na ng'ambo ya barabara Wacera, aliyekuwa akimletea mumewe githeri, akaachia sufuria, akashika kifua, akapiga magoti vumbini, mdomo wazi, bila sauti.

Theuri, ambaye hajawahi kukubali kushindwa hata na mvua, akamlaza mfalme wake.

"Nimeshindwa! Mchezo umekwisha!"

Askari mweupe akasimama. Wacera akavuta pumzi, akainuka, akaanza kulalamikia jua.

"Na mfalme," Jagdish akauliza polepole, "ulimpa jina gani?"

Theuri akafunika cherehani, akamkabidhi Jagdish ufunguo wake.

"Langu. Mpe Wacera."