Wifi Aliyepokea Zamu

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa fundi cherehani. Tulishona pamoja sare za shule sebuleni kwangu. Mchana, tukifika kwenye vifungo, cherehani hunyamaza na mmoja wetu husoma kwa sauti. Koo likimkauka anauliza, "Nani anapokea?" Asiye na kazi mkononi anaitikia, "Mimi."

Kitabu tulichokuwa tukisoma wifi alikinunua kwa muuza vitabu chakavu. Riwaya ya mambo ya sayansi, ngumu kama mfupa. Watu wamelala kwenye baridi kali ndani ya chombo cha angani, safari ya karne nzima, na mlinzi mmoja yuko macho akisikiliza pumzi zao.

"Wifi, hiki ni kitabu au adhabu?" nikamuuliza.

"Wewe umezoea magazeti ya umbea. Rudia ukurasa."

Tulirudia. Kurasa zilizotuumiza kichwa zikaanza kufunguka, na utamu wake sijauonja tena kwenye kitabu kingine. Tulisahau hata sufuria jikoni.

Siku moja nilikuwa nasoma mimi. Mlinzi wa kitabuni amechoka. Anauliza gizani, "Nani anapokea?"

Wifi, macho kwenye sindano, akaitikia, "Mimi."

Tukacheka. Kisha yeye akaacha. Akainua kidole, akasikiliza.

"Punguza sauti," akanong'ona. "Wamelala."

Hakulala tena. Kaka alimpeleka hospitali. Dawa za usingizi zikapita kama maji. Alikaa kwenye kiti chake sebuleni kwangu, macho makavu, akigeuza kichwa taratibu kama mama mwenye watoto wengi chumbani. Akakonda. Mara nyingine alilia kimyakimya: "Mmoja ameacha kupumua."

Nikakisoma kitabu mpaka mwisho, nikitafuta mlinzi anatokaje. Njia ni moja tu. Mwingine apokee.

Alijua kuwa nimejua. Mchana mmoja, kaka akiwa amesimama mlangoni, akanishika mkono.

"Wifi. Nani anapokea?"

Nina watoto wanne. Wa mwisho alikuwa mgongoni.

Nikautoa mkono wangu mkononi mwake.

"Sawa," akasema, bila hasira.

Nikainama kumshusha mtoto. Nilipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu. Kaka hakuona mtu akipita mlangoni.

Kiti kipo bado. Hata joto liwe kali vipi, ukikigusa ni baridi kama barafu. Watoto huweka chupa zao za maji pale ili zipoe. Nimewakataza mpaka nimechoka.