Mwendo wa Seforoza

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, kigingi-sikio namba 214 kilisikia mtu akitembea. Vigingi-sikio havikuwa na macho. Vilikuwa vyuma vyembamba vilivyofukiwa ardhini kila baada ya hatua hamsini, mpaka mzima, na kazi yake ilikuwa kusikiliza nyayo. Kila mwenye kibali cha kuvuka alisajiliwa saini ya mwendo, yaani namna miguu yake inavyoikanyaga ardhi, na wataalamu walisema saini hiyo haiwezi kughushiwa. Asiyetambuliwa aliinukiwa na kipanga, ndege ya chuma isiyo na rubani, ikamzunguka na kumwamuru arudi alikotoka.

Basi kipanga kikaruka. Kilifuata njia inayotoka mtoni, kigingi baada ya kigingi, hadi namba 231 kwenye ukingo wa soko la Rubanga. Kikashuka, kikazunguka mara tatu. Njiani hapakuwa na mtu.

Mhandisi Editha Kokugonza alisimama kando ya njia akiangalia kibao chake cha kazi. Hii ilikuwa siku ya ishirini na sita mfululizo. Makao makuu yalikuwa yamemtuma aje kutafuta hitilafu, naye alikubali upesi, kwa kuwa mfumo huo aliujua tangu ukiwa mchoro. Maandishi kwenye kibao yalisema: mtu mmoja, mtu mzima, anaburuta kidogo mguu wa kulia.

Alipanga chumba kwa Leokadia, mama wa miaka sitini na kitu mwenye shamba la kahawa. Jioni ya kwanza mama huyo alimtembeza shambani. Buni zilikuwa zimekauka mitini, nyeusi kama mavi ya mbuzi.

"Wachumaji walitoka ng'ambo," Leokadia alimwambia. "Walikuja msimu, wakalala hapa, wakaoana na watoto wetu. Ulipowekwa mpaka wenu, binamu yangu alishangilia. Alikuwa ameibiwa ng'ombe kumi na moja, simlaumu. Na kweli wizi uliisha. Vijana wetu wakalipwa vizuri msimu mmoja. Msimu wa pili wakaenda mjini, na kahawa ikabaki na mimi."

"Na soko?"

"Umeliona. Alhamisi lilikuwa halina pa kukanyaga. Leo nikitaka dagaa nasubiri gari la mjini."

Asubuhi ile ya siku ya ishirini na sita Editha alirudi nyumbani kutoka njiani. Leokadia alimwekea chai, akamtazama.

"Amepita tena?"

"Nani, mama?"

"Huyo mnayemtafuta. Watu wanasema ni Seforoza."

Editha aliweka kikombe chini. Jina hilo alilijua. Miaka minane nyuma, akiwa mtafiti kijana, alikuja Rubanga kukusanya mienendo ya watu ili kuifundisha mashine. Aliwaita wavukaji wa kila siku, akawapa mche wa sabuni kila mmoja, akawaahidi kuwa watakaotembea watakuwa wa kwanza kupewa vibali. Seforoza, muuza dagaa kutoka ng'ambo, alijitokeza kabla ya wote. Alitembea kutoka mtoni hadi sokoni, akarudi, akatembea tena, na kila akipita alimtania Editha kwamba mwenye kazi amekaa kivulini. Mwaka mmoja na nusu baadaye, mfumo wa mpaka ulipowashwa, taarifa ya kwanza ya kifo ilibeba jina lake. Mvukaji asiye na kibali, ilisema; alikimbia kipanga, akazama kwenye kinamasi.

Editha aliisoma taarifa ile ofisini, akasikitika, akaendelea na kazi.

Siku mbili alizichimba kumbukumbu za kituo cha mpaka, na chanzo akakipata. Kila asubuhi mfumo ulijipima wenyewe: vigingi viliitikisa ardhi polepole kwa mwendo wa mfano, kimoja baada ya kingine, huku vingine vikisikiliza kama vinausikia sawasawa. Radi iliyopiga mwezi uliopita ilifuta alama inayosema kuwa hilo ni jaribio tu, na kukirudisha kituo kwenye mfano wake wa kwanza kabisa. Mfano wa kwanza ulikuwa Seforoza, ambaye saini yake ilitolewa kwenye orodha ya vibali alipokufa. Mashine ilikuwa inamtembeza, kisha inamwinda.

Maelezo yalikuwa kamili, ila yalimwachia swali moja. Saini ya Seforoza ilikuwa imesajiliwa. Kwa nini haikutambuliwa siku ile aliyokufa?

Alimweleza Leokadia, naye akaomba kusikia. Wakaenda njiani. Saa ilipofika Leokadia alivua ndala, akasimama peku juu ya kigingi 220, amefumba macho. Editha naye akavua viatu. Mtetemo ulikuja kwa mbali, ukapanda nyayoni, ukapita. Mguu wa kushoto mzito, wa kulia ukiburutwa. Juu yao kipanga kilikuwa kimekwisha kufika, kinazunguka.

"Ni yeye," Leokadia alisema. "Lakini Seforoza hakuwa mchechemeaji."

"Mashine inasema anaburuta mguu."

"Anaburuta kwa sababu ana mtoto mgongoni. Umesahau? Kabinti kake, kalikuwa na miezi saba. Kakilala kalikuwa kanaangukia upande mmoja, naye anajipinda kukabeba." Alivaa ndala zake taratibu. "Mpaka wenu ulipowashwa, mtoto alikuwa ameanza kutembea. Alimwacha kwa bibi yake, akaja peke yake, mgongo mtupu, anatembea sawa. Kadi ya kibali tulimkuta nayo, imefungwa kwenye pindo la kanga. Wakasema ameiiba."

Editha alikaa chini pale pale njiani. Alimkumbuka mtoto sasa; alikumbuka hata kofia yake ya sufi ya manjano. Fomu ya usajili alikuwa ameibuni yeye. Ilikuwa na nafasi ya umri, kimo, uzito na aina ya viatu. Haikuwa na nafasi ya kuandika mtembeaji amebeba nini.

Mchana alimpigia mkuu wake, Lusajo, akamweleza yote.

"Kazi nzuri," alisema Lusajo. "Weka chujio, mwendo huo usionekane tena kwenye orodha. Funga faili."

"Na taarifa ya kifo? Alikuwa na kibali."

"Editha, hayo ni ya miaka sita na nusu iliyopita."

"Tuliwasajili wanawake mia nne na kumi na wawili. Ni wangapi walikuwa na watoto mgongoni, au mimba, au ndoo kichwani? Wangapi wamerudishwa wakiwa na kadi mkononi?"

"Hatuwezi kujua."

"Ndiyo. Sikuacha nafasi ya kuandika."

Aliandika ripoti ndefu, akaweka jina lake mwenyewe kwenye sehemu ya aliyekosea, akaituma makao makuu na kwenye baraza la vibali. Baada ya wiki mbili aliondolewa kazini. Mwenzake alikuja Rubanga akaweka chujio kwa nusu saa. Vipanga havikuruka tena, na orodha ikawa safi. Chujio liliondoa maandishi tu; vigingi havikuacha kutikisa ardhi. Leokadia alimpigia simu kumwambia kuwa akisimama peku, bado anamsikia Seforoza akipita.

Editha alivuka mpaka Alhamisi moja kwa daraja la kawaida. Saini yake ilitambuliwa kabla hajafika katikati, lango likafunguka bila kumuuliza kitu. Ng'ambo aliuliza njia hadi akaipata nyumba. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, hakulia wala hakumkaribisha ndani. Alimwita tu mjukuu wake, msichana wa miaka minane na ushee, mwenye magoti ya vumbi.

Editha aliweka kitikisaji kidogo, alichokitia mwendo wa Seforoza, juu ya sakafu ya baraza, akamwambia mtoto asimame juu yake peku. Akakiwasha. Mtoto alitazama miguu yake.

"Huyu ni mama?" akauliza.

"Ni nyinyi wawili," Editha alisema. "Wewe ndiye unayemlemea upande huu."

Mtoto alisikiliza hadi nyayo zikaisha. Kisha akaomba arudiwe.