Maneno ya Mgongoni mwa Picha

Sogea karibu nikutegee. Nina uso mzuri, kila apitaye anausifu. Nina mgongo, hakuna anayeujali. Uso wangu haujamdhuru mtu. Mgongo wangu umeua. Mimi ni nani?

Mji usinipe, kaa nao. Jibu utalikuta mwenyewe humu njiani, wala halitakuchekesha.

Palikuwa na mume na mke waliouza picha. Mume alikuwa mpiga picha. Siku nyingine alizunguka mjini na kamera yake. Alipiga mapaa ya mabati baada ya mvua, wapagazi wa sokoni, foleni ya watu kituoni. Siku nyingine aliingia msituni, kibali mfukoni, akapiga ndege na wanyama. Picha zilizotoka vizuri alizichapisha kwenye karatasi nzito, nakala chache tu.

Mke ndiye aliyezitia fremu. Mtaa mzima ulimwita Mama Fremu. Alipima mbao, akazikata kwa msumeno mdogo, akapaka gundi, akaweka kioo. Nyuma alifunika kwa kadibodi. Chumba chao cha mbele kilinuka gundi mwaka mzima, na mgeni aliyekaa bila kupangusa kiti aliondoka na vumbi la mbao kwenye makalio. Mchana Mama Fremu alizibeba picha hadi kwenye baraza la posta, akazipanga ukutani, akauza.

Utotoni hakupata kusoma. Alijifunza ukubwani, katika darasa la watu wazima. Alipoijua penseli, hakuiweka chini tena. Aliandika "chumvi" kwenye kopo la chumvi. Aliandika "mlango" juu ya mlango.

"Kesho utaniandika na mimi kwenye paji la uso," mumewe alimtania.

"Nitakuandika 'Mume'," alisema Mama Fremu. "Wasije wakakubeba kimakosa."

Ndipo akaanza kuandika kwenye kadibodi, nyuma ya kila picha. Jioni mume akirudi, mke alimngoja na penseli.

"Hii uliipiga wapi?"

"Ngoja nivue viatu kwanza."

"Vua huku unasema. Wapi? Saa ngapi? Ulipita njia ipi?"

Mume alivua viatu vyenye tope, akaeleza yote. Mke akaandika yote. Alikandamiza penseli kwa nguvu, herufi kubwa kubwa, kama mtu anayechonga. Mume hakuwa na desturi ya kuyasoma tena. Alikuwa amechoka, na alifurahi kumwona mke wake anaandika.

Wanunuzi walipenda sana. Mwandiko wa mkono uliwaonyesha kwamba picha ni ya kweli, na ina mwenyewe.

Picha iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kakakuona. Ni mnyama mdogo, mwenye magamba mwili mzima. Hula mchwa na siafu. Akitishwa hujikunja kama mpira, basi, hana silaha nyingine. Huyu alikuwa jike, amebeba mtoto wake juu ya mkia. Mtoto ameng'ang'ania, pua yake imeingia katikati ya magamba ya mama. Nyuma ya picha Mama Fremu aliandika hivi:

"Kakakuona na mtoto wake. Msitu wa nyuma ya machimbo ya mawe. Vuka kijito, hesabu miti mitatu mikubwa. Shimo lao liko chini ya mzizi wa mti wa tatu. Hutoka saa moja jioni."

Siku moja akaja barazani mwanamume mmoja mwenye viatu safi. Wanunuzi wengine hutazama uso wa picha. Huyu aliigeuza kwanza. Alisoma taratibu, midomo ikicheza.

"Maelezo yamekamilika," alisema. "Wauzaji wengi ni wavivu."

"Mimi si mvivu, baba."

"Naona."

Alilipa, hakuomba kupunguziwa. Mama Fremu alirudi nyumbani kichwa kimemvimba.

"Leo nimepata msomaji," alimwambia mumewe.

Zikapita wiki mbili. Asubuhi moja mlango ukagongwa. Alikuwa askari wa wanyamapori, mwanamke wa makamo, buti zake zina tope jekundu. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki.

"Karibu ndani, afande. Karibu kiti," alisema Mama Fremu, akikipangusa.

"Ahsante mama, sitakaa."

Alitoa kitu mfukoni, akakiweka mezani. Ilikuwa kadibodi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imeloa ikakauka, na pembeni ina doa jeusi. Picha yenyewe ilikuwa bado imegandana nayo.

"Picha hii ni yenu?"

"Ni yangu," alisema mume. "Umeitoa wapi?"

"Kando ya shimo. Chini ya mzizi wa mti wa tatu." Askari alitamka maneno hayo polepole. "Shimo limechimbuliwa kwa sululu. Kakakuona hayupo. Wamemchukua kwa ajili ya magamba yake. Tumekuta damu."

Mama Fremu alishika ukingo wa meza. "Na mtoto?"

Askari alimtazama kabla ya kujibu. "Mtoto walimwacha. Ni mdogo, hakuwa na faida kwao. Tulimkuta amejikunja humo shimoni. Tulidhani amelala."

Nje mtu alipita akipiga mluzi.

Umelipata jibu la kitendawili? Ni picha. Uso wake ulionyesha mama na mwana. Mgongo wake ulionyesha njia ya kwenda kuwaua.

Askari alifungua daftari lake.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

Mama Fremu alifungua mdomo. Mumewe akamwahi.

"Kazi ni yangu, afande. Kila kitu hapa ni changu."

"Sikuuliza kazi. Nimeuliza mwandiko."

Mume aliinamia kadibodi. Mke akakipangusa tena kiti kile kile. Askari aliandika kidogo, kisha akaacha mstari mmoja bila neno.

"Huu nauacha wazi," alisema. "Lakini jueni. Wakubwa wangu wanasema mpiga picha ndiye aliyewaongoza wawindaji. Kibali na kamera nachukua mpaka uchunguzi uishe. Na atakayejulikana kuwa aliandika, atasimama mbele yao. Wanaweza kumkataza kuuza picha za wanyama kabisa."

Alipoondoka, Mama Fremu alikaa chini sakafuni, kwenye vumbi la mbao.

"Nitamfuata nimwambie."

"Kaa hapo hapo," alisema mume. "Unajua chumba cha kuhojiwa kilivyo?"

"Wewe unakijua?"

"Sikijui. Ndiyo sababu sitaki ukijue."

"Wanasema wewe ni mwizi wa wanyama."

"Waseme." Aligeukia ukutani. Begi la kamera lilikuwa likining'inia hapo kila siku. Sasa palibaki msumari.

Siku tatu Mama Fremu hakugusa penseli. Siku ya nne alipiga moyo konde, akaenda ofisi ya wanyamapori. Njia nzima alirudia maneno mawili: "Ni wangu. Ni wangu." Alipofika mbele ya meza ya askari, maneno yakamtoroka.

"Nimekuja kuuliza, afande," alisema. "Mtu akitaka kuandika nyuma ya picha, aandike nini?"

Askari aliweka kalamu chini. "Anayeuliza ni nani? Aliyeandika, au mke wa aliyeandika?"

"Anayeuza."

"Haya." Askari alivuta kiti, akampa. "Sikiliza, mama. Kuandika si kosa. Mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua. Andika mnyama ni nani. Andika mpiga picha ni nani, na mwaka. Kama mmechapisha nakala ishirini, andika hii ni ya ngapi kati ya ishirini, na msizidishe. Mahali, sema kwa upana tu, kama vile 'msituni' au 'nyanda za juu'. Usiandike njia. Usiandike kijito, wala mti, wala saa ya kutoka. Umenielewa?"

"Niambie kwa ufupi, nisije nikasahau."

"Andika kinachomsaidia mtu kuijua picha. Usiandike kinachomsaidia mtu kufika."

Mama Fremu aliitikia kwa kichwa taratibu, akiyameza maneno hayo.

"Kuna jambo jingine," alisema askari. "Simu, na kamera nyingi za siku hizi, huandika zenyewe. Ukipiga picha, mahali pale hufichwa ndani ya picha bila wewe kuona. Ukimtumia mtu picha hiyo kwa simu, unaweza kuwa umemtumia na ramani. Mwambie mumeo aizime sehemu hiyo kabla ya kupiga. Katika zile za zamani, afute mahali palipofichwa ndani kabla hajamtumia mtu."

"Nilidhani kosa ni la penseli peke yake."

"Ni la kusema kila unachokijua. Mmeuza ngapi zenye maneno ya namna ile?"

Mama Fremu alihesabu kichwani. Kulikuwa na kakakuona. Kulikuwa na tai na kiota chake, mayai mawili ndani, na maneno ya kumfikisha mtu hadi chini ya mti. Halafu akakumbuka picha ya mjini, akasimama ghafla.

"Afande, na watu je?"

"Watu gani?"

"Kuna picha ya bibi mmoja dirishani, anamwagilia maua. Watu wanaipenda. Nyuma niliona pameandikwa..." Akaketi tena. "Pameandikwa mtaa, na nyumba, na ghorofa ya pili. Na kwamba anaishi peke yake."

Askari aliinua macho tu.

Siku hiyo hiyo kazi ikaanza. Mama Fremu na mumewe walizunguka mji kwa miguu, wakigonga milango ya wanunuzi mmoja mmoja. Daktari wa meno. Mwenye duka la chai. Mwalimu mstaafu. Mwanzoni Mama Fremu alibeba kifutio. Alifuta maneno nyuma ya picha ya kwanza, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Maneno yote yalikuwa bado yapo. Penseli ilikuwa imeondoka, lakini mkono wake mzito ulikuwa umeyachimba kwenye kadibodi.

"Yanasomeka," alisema mume.

"Nayaona."

Basi wakang'oa kadibodi zote, wakaweka mpya.

"Mbona mnanipunguzia maneno?" aliuliza mwenye duka la chai. "Niliyalipia."

"Ukiyataka, nitakuandikia mengine," alisema Mama Fremu. "Haya yamekwisha kuua."

Mwenye duka alidhani ni mzaha. Alipomtazama usoni, akaishusha picha ukutani mwenyewe.

Picha ya bibi waliikuta kwa kinyozi, inaning'inia juu ya kioo. Wateja wote waliiona. Wakabadilisha kadibodi yake, kisha wakaenda hadi kwa bibi. Alifungua mlango kidogo, mnyororo umefungwa.

"Tulikupiga picha dirishani, bibi, bila kukuomba ruhusa," alisema mume. "Tumekuja kukuomba sasa. Ukikataa hatutaiuza tena."

Bibi alifikiri. "Nilikuwa nimevaa nini?"

"Kitambaa cha kijani kichwani."

"Uzeni. Lakini nyumba yangu msiitaje. Wiki iliyopita kuna mtu alibisha, akaniuliza kama niko peke yangu. Nikamwambia wanangu wanne wamelala ndani." Alicheka kikavu. "Sina hata mmoja."

Mama Fremu aligeuza uso.

Kadibodi zote za zamani walizipata, isipokuwa moja ya tai. Mnunuzi wake alikuwa amehama mji. Mama Fremu alimpelekea askari habari bila kuficha, na walinzi wakawekwa karibu na ule mti. Walikaa miezi minne. Usiku mmoja waliona tochi ikija, wakawasha za kwao, na tochi ile ikarudi mbio. Mayai yakaanguliwa. Makinda yakaota manyoya. Mwisho yakaruka, yote mawili.

Hata hivyo hakuna aliyemwona tena kakakuona nyuma ya machimbo ya mawe. Mwanamume wa viatu safi naye hakukamatwa.

Sasa nyuma ya picha za Mama Fremu kuna maneno machache, na mkono wake umekuwa mwepesi. Wapo wanunuzi wanaouliza: "Ni wapi hapa?" Huwajibu: "Ni kwao." Wengine hununua, tena kwa heshima. Wengine huondoka, naye huwaacha waende.

Siku ya kufunga uchunguzi, mume na mke waliitwa ofisini. Kamera ilikuwa mezani, kibali juu yake.

"Makinda yameruka," alisema askari. "Hiyo nimeiandika, na wakubwa wameisoma. Lakini kuna mstari mmoja bado." Alifungua daftari, akaligeuza upande wao. "Ukibaki wazi, watasema ni yule yule mpiga picha aliyewaongoza wawindaji. Kibali hakirudi, leo wala kesho. Ukijazwa, mwenye jina hilo ataitwa, na sijui watamwamulia nini. Nauliza mara ya mwisho. Mwandiko ule ni wa nani?"

Mume alivuta pumzi. "Afande, nilishasema, kila kitu..."

Mama Fremu aliweka mkono juu ya mkono wake. Aliichukua kalamu pale mezani, akaisogeza karibu na ule mstari.

"Ni wangu," alisema.