Ufa Kwenye Ukuta wa Wade

Kila Ijumaa saa ya chakula cha mchana, meza ya mwisho kule karibu na friji la maziwa ilikuwa haikaliki. Wanafunzi wa darasa la saba wa Dunmore Bend walijazana pale na mikate yao ya nyama ya kusaga, midomo imejaa, wanabishana. Siyo kuhusu hesabu. Walikuwa wanaunda vikosi.

Mchezo wenyewe rahisi. Ijumaa jioni shule za sekondari za wilaya nzima zinacheza mpira, ule wa kubebwa mkononi na kuangushana. Wewe unajipangia kikosi cha kubuni cha siku hiyo moja tu: mrusha mpira kutoka shule hii, mkimbiaji kutoka ile, halafu ulinzi mzima wa shule moja. Ulinzi wako ukimwangusha mrusha mpira wa wapinzani kabla hajaurusha, unapata pointi. Ukimnyang'anya, pointi zaidi. Jumatatu mshindi anavalishwa kofia nyekundu ya sufu aliyoifuma bibi yake Mitch Petrak. Kofia imetoboka kisogoni, inanuka kama mbwa aliyenyeshewa, lakini ukiivaa hupangi foleni ya chakula wiki nzima.

Corrine Hudak alikuwa hajawahi kuivaa. Kila mara alikuwa wa pili.

"Haya, Corri wa Pili, ulinzi gani leo?" Mitch akamchokoza. "Au nikuandikie kabisa kwamba umeshindwa, tuokoe muda?"

"Kula mkate wako, Mitch. Nyama inakudondokea kwenye shati."

Wenzake karibu wote walichagua ulinzi wa Ridgeway, kwa sababu Ridgeway wana majina. Corrine hakuchagua hivyo. Babu yake, Babu Emil, ujana wake wote alicheza mstari wa mbele, kabla kiwanda cha vioo hakijamvunja mgongo. Jumapili wakiangalia mechi za watu wazima kwenye televisheni, mzee alikuwa na simu yake mkononi, anapanga kikosi chake cha siku, anamfundisha.

"Mjinga anaangalia ulinzi wenye sifa," alikuwa anasema. "Mwenye akili anaangalia ukuta utakaoshambuliwa. Wale watano wanaosimama mbele ya mrusha mpira wao. Mpime kila mmoja na huyo atakayekabiliana naye. Akiwepo mmoja mbovu, hata watoto wa chekechea watapita hapo."

Basi Corrine akazipima kuta zote za wilaya, moja baada ya nyingine. Ufa aliuona mmoja tu, na hakuna mwingine pale mezani aliyeujua. Ulikuwa kwenye ukuta wa sekondari ya kwao wenyewe, upande wa kushoto kabisa, pale mrusha mpira anapogeuzia mgongo bila kuona nyuma. Nafasi hiyo alicheza Wade. Wade Hudak, kaka yake.

Wiki mbili nyuma alikuwa ameshuka kwenye chumba cha chini kuchukua nguo zilizokauka, akamkuta Wade amekaa juu ya mashine ya kufulia, suruali imekunjwa, goti limevimba kama boga. Amelibandika mfuko wa njegere za barafu. Mkono mwingine una kichupa cha vidonge vya Babu vya mgongo.

"Dogo, funga mlango," Wade akasema. "Na mdomo pia."

"Mwambie kocha."

"Nimwambie nini? Mechi na Stockdale anakuja mtu wa chuo kuniangalia, kama nafaa kuchezea kwao na kusomeshwa bure. Kuniangalia mimi, Corri. Nikikaa benchi, basi tena, nitabaki hapa hapa napakia maboksi ghalani mpaka meno yanitoke. Nikimeza hivi haliumi. Niapie."

Corrine akaapa. Alimpenda kaka yake, na siri ya kaka mkubwa ni kitu kitamu ukiwa na miaka kumi na miwili.

Sasa ile Ijumaa ya Stockdale ilikuwa imefika. Akashika kalamu, akaandika jina la ulinzi wake: Stockdale.

Vichwa vyote vikainamia karatasi yake.

"We!" Renata, rafiki yake, akamsogelea. "Si ndio wanaocheza na sisi? Unachagua watu wa kumvamia kaka yako?"

"Ni pointi tu," Corrine akajibu. "Hazimuumizi mtu."

Lakini mkate wake aliuacha nusu.

Jioni, uwanjani, baridi ilikuwa inakata masikio. Mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake ya kutunzia wazee, akakaa katikati ya Corrine na Babu, blanketi moja magotini mwao wote watatu. Safu mbili mbele yao alikaa mtu wa chuo, jaketi jipya, faili mapajani.

Mvamizi wa Stockdale aliyempata Wade alikuwa kijana wa mikono mirefu, mwepesi. Mara ya kwanza tu mpira ulipochezwa, mguu wa Wade ulichelewa. Kijana akampita kama anapita mlangoni kwao, akamzoa mrusha mpira kwa nyuma, puu, chini.

"Pointi!" Corrine akapaza sauti, ngumi juu.

Neno lilimponyoka. Mama akageuka kumwangalia.

"Pointi gani, mwanangu? Hao si wetu."

Corrine akashusha mkono, akauficha chini ya blanketi. Mrusha mpira aliangushwa tena, na tena. Kila akianguka Corrine alikuwa anajua hesabu yake imefika wapi, hata alipojaribu kutohesabu. Mapumziko yalipofika alimwona Wade akichechemea kwenda vyumba vya wachezaji. Uzio ulikuwa hatua chache tu pale chini, na kocha amesimama karibu nao. Angeweza kushuka. Alikaa.

Mchezo uliporudi, Wade aliukita ule mguu kumzuia yule kijana, na goti likaenda upande ambao goti haliendi. Hakuinuka. Ikasikika sauti moja ya kulia kutoka katikati ya uwanja, na Corrine akaijua: ya Wade.

Mtu wa chuo akafunga faili lake, akaenda kununua kahawa. Hakurudi kukaa.

Hospitali waliwaweka nyuma ya pazia. Mama kashika mkono wa Wade, Kocha Brannock kasimama na kofia kifuani kama yuko msibani. Daktari, mama mmoja mwenye miwani, akaanza kuuliza huku nesi akiandaa sindano ya maumivu.

"Goti hili lilikuwa na shida kabla ya leo?"

"Hapana," Wade akasema, meno yameumana.

"Umemeza dawa yoyote leo?"

"Hapana, Dokta."

Nesi akampangusa Wade mkono kwa pamba. Corrine alimwangalia Wade, na Wade akamwangalia yeye, macho yanamkumbusha kile kiapo.

"Anadanganya," Corrine akasema.

"Corri, nyamaza!"

"Anameza vidonge vya Babu! Vya mgongo! Wiki mbili anameza! Goti limevimba wiki mbili na mimi nilikuwa najua!"

Mkono wa nesi ukasimama hewani. Daktari akavua miwani. "Leo umemeza vingapi? Niambie ukweli, kijana."

Wade akafumba macho. "Vitatu kabla ya mechi. Viwili mapumziko."

"Rudisha hiyo sindano," daktari akamwambia nesi. Halafu akamgeukia Mama, taratibu. "Dawa hii na ile ni ndugu. Zikikutana mwilini, mtu analala, anasahau kupumua."

Mama akakaa kitini bila kuangalia kama kiti kipo.

"Wiki mbili," Kocha akasema kwa sauti ya chini. "Ungeniambia, Wade, ningekupumzisha. Ungetibiwa. Watu wa vyuo wangekuja tena mwakani."

Wade akageuzia uso ukutani.

Goti lilifanyiwa upasuaji. Atatembea, daktari alisema, na ngazi atapanda. Mpira, hapana. Simu kutoka chuoni haikupigwa.

Jumatatu Mitch alikuja na kofia ameinyanyua juu. "Bosi! Pointi mara mbili ya sisi wote! Uliotea vipi?"

"Sikuotea," Corrine akasema. "Nilijua."

Renata akaacha kutafuna. Corrine aliiacha kofia mezani, akaenda kusimama mwisho wa foleni. Hakuna aliyemfuata.

Alipofika nyumbani alimkuta Wade kwenye kochi, mguu juu ya mito.

"Nasikia umeshinda," Wade akasema, macho kwenye televisheni.

"Wade, mimi..."

"Angalau kwetu yupo mmoja aliyeusoma mchezo vizuri." Akaongeza sauti ya televisheni.

Corrine akaingia jikoni. Babu Emil alikuwa anamenya viazi. Pale juu ya kabati, vidonge vyake sasa vilikuwa ndani ya kisanduku chenye kufuli.

"Ananichukia, Babu."

"Ndiyo," mzee akasema. "Na anayekuchukia anapumua. Hiyo ndiyo pointi pekee familia hii imepata." Akachukua kiazi kingine. "Mimi niliona kichupa kinapungua. Nikajiambia, uzee huu, umesahau hesabu. Nilikuwa naogopa kuuliza. Kwa hiyo usidhani uko peke yako."

"Ulinifundisha kuangalia ukuta."

"Nilikufundisha nusu. Ukuta wa mtu baki kwenye simu, utafutie ufa, uchezee. Lakini ukiona ufa kwa mtu wako, huufichi, na huuchezei. Unapiga kelele siku hiyo hiyo, hata kama amekuapisha, hata kama hatakusemesha tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu wetu, mjukuu wangu, hata kujengwa haujengeki tena."

Akaopoa sufuriani viazi vilivyokwisha kuiva, akaviweka kwenye sahani, akaisukuma upande wake.

"Haya, mpelekee kaka yako. Na usisubiri asante."