Jumamosi Ambazo Aloyce Hakuja

Kifaa kilipatikana Jumamosi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwenye maegesho ya bwawa la kuogelea, Blacktown, magharibi mwa Sydney. Kilikuwa kidogo kama kifungo cha koti, kimeshonewa ndani ya kitambaa cha kiti cha mtoto, nyuma ya gari. Kokushubila alikata uzi kwa wembe, akakitumbukiza kwenye mfuko wa nailoni, akaandika saa na mahali.

Kokushubila alikuwa mpelelezi binafsi mwenye leseni. Wakili wa Elieshi ndiye aliyemwajiri, amtafutie jibu la swali moja: Aloyce, mume wa Elieshi ambaye walitengana Januari, anajuaje kila mahali mkewe anapohamia?

"Ndicho hicho?" Elieshi aliuliza. Uso ulikuwa umemsawajika.

"Ndicho. Kinatuma mahali gari lilipo kwenye simu ya aliyekitega."

Elieshi alikuwa amehama mara mbili tayari, yeye na binti yake Gift, mwenye miaka minne. Aloyce angeendelea kumpata, ingebidi ahame tena, na hakujua tena pa kwenda.

"Una mtu wa kukaa naye leo?"

"Mama Médiatrice tu. Ila leo Sabato, simu kaizima tangu jana jioni. Nitampata jua likizama."

Médiatrice alikuwa mama wa Kirundi aliyesimamia ndoa yao, maana hapa Sydney hawakuwa na ndugu hata mmoja. Gift alipozaliwa ndiye aliyemwogesha wiki sita za mwanzo, na hadi leo alikaa naye kila Elieshi alipokuwa na shift ya mchana.

Kokushubila alianza na Aloyce. Jumatatu saa sita na nusu mchana alimkuta nje ya ghala la Wetherill Park alikokuwa dereva wa forklift.

"Gari lina funguo mbili, zote anazo yeye," Aloyce alisema huku akitafuna. "Mimi ningeingilia wapi?"

"Jumapili ile uliyomtokea Elieshi, ulijuaje kwamba yuko sokoni Cabramatta?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na mtu anayetutakia mema. Mengine ongea na lawyer wangu."

Alikuwa na adabu, sauti ya chini, shati limepigwa pasi. Kokushubila hakumpenda hata kidogo, lakini habari ya funguo ilikuwa kweli.

Saa tisa alasiri alikuwa kwa Wekesa, mpelelezi aliyekodiwa na upande wa Aloyce. Walikuwa wakifahamiana kutoka kwenye korido za mahakama.

"Wacha kuniangalia hivyo, dada," Wekesa alisema. "Mimi nilikuwa across the road, kwa barabara ya umma, na camera yangu. Hiyo inaruhusiwa. Kuficha tracker kwa gari ya mtu ni jela. Niuze licence yangu hivyo?"

Alimsukumia daftari lake. Alifanya kazi siku mbili tu, zote za Machi, na kiti cha Gift kilinunuliwa Aprili. Kokushubila alimrudishia daftari, akamwomba radhi.

Ofisini alipanga moja moja tarehe za Mei alizopewa na Elieshi. Aloyce alitokea mara tisa: Jumapili sokoni, Jumatano nje ya shule ya watoto, Alhamisi mlangoni kwa Elieshi. Jumamosi hakutokea hata mara moja, na Jumamosi ndiyo siku yake ya mapumziko, tena ndiyo siku Gift anayokwenda kuogelea saa ileile. Ijumaa jioni hakutokea pia. Simu iliyokuwa ikisoma kifaa, basi, haikuwa ya Aloyce. Ilikuwa ya mtu anayeiweka kando Ijumaa jua likizama na kuishika tena Jumamosi jioni.

Aliandika jina, akalikata, akaliandika tena. Moyo ulimuuma, kwa kuwa alijua atakayeumia si yule mwenye kosa peke yake.

Jumanne saa tano asubuhi walikuwa sebuleni kwa Médiatrice. Elieshi alikuwa amekataa kubaki nyumbani. Chai ilishamiminwa Kokushubila alipouweka ule mfuko wa nailoni mezani.

"Mama, kitambaa cha kiti cha Gift anakifua nani?"

"Mimi. Anamwagamwaga maziwa huyo."

"Na kukishona?"

Médiatrice aliutazama mfuko, akaweka birika chini.

"Mwezi mzima Aloyce hajatokea Jumamosi," Kokushubila aliendelea. "Kwa nini, mama?"

"Sabato siwezi kuangalia hiyo kitu," Médiatrice alisema polepole. "Ingekuwa zambi."

Elieshi alijishika kifua. "Wewe, mama?"

"Mwanangu, nilisimama mbele ya Mungu nikasema nitachunga hii ndoa. Alikuwa anakuja hapa, analia kama mtoto. Nikasema, wakikutana tu watasikilizana. Wewe mwenyewe uliniambia mumechokana."

"Nilikuficha. Ulikuwa ukimwita 'mwanangu', nikaona aibu." Elieshi alifungua skafu, akaonyesha kovu chini ya sikio. "Alinikaba, mama. Gift anaona. Kila ulipomwambia niko wapi, alikuja kuniambia safari nyingine atanimaliza."

Médiatrice alifunika uso kwa kanga yake. Alilia bila sauti, na Elieshi naye akalia. Hakuna aliyenyoosha mkono kumgusa mwenzake.

"Lazima uandike jina lake?" Elieshi alimuuliza Kokushubila.

"Lazima. Ripoti inakwenda kwa wakili, halafu polisi. Bila jina, Aloyce atasema wewe ndiye uliyekuwa ukimwita."

Elieshi aliifunga tena skafu yake. "Andika," akasema.

Médiatrice aliwafuata hadi mlangoni, macho mekundu, akimshikilia Elieshi mkono wa sweta kama alivyozoea anapomuaga.

"Sasa mutahamia wapi, mwanangu?"

Elieshi alifungua mdomo kumjibu, maana hakuwa amewahi kumficha anapokwenda. Kisha akautoa mkono wake taratibu, akamfuata Kokushubila garini.