Kidoa Cheusi cha Nabiha

Marikiti ilikuwa imejaa watu hadi barabarani. Nabiha, buibui lake likinukia udi, alikuwa akichagua iliki aliposikia akiitwa kwa sauti aliyoijua mno. Akageuka. Huzaifa, mchumba aliyeahirisha harusi yao kwa ujumbe wa simu, alisimama na kanzu iliyopigwa pasi, akitabasamu.

"Habibti, nasikia majibu yametoka. Alhamdulillahi, si saratani."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa shangazi yangu, Fadhiya."

"Yule yule aliyekwambia ni saratani."

Hakupandisha sauti. Hasira yake ilikuwa na mpangilio. Kwa miaka miwili alikuwa na kidoa chekundu mgongoni, kama punje ya komamanga, fundo la vishipa vya damu tu. Siku ya singo, bibi harusi anaposuguliwa mwili kabla ya harusi, Fadhiya alimsugua kwa liwa, unga wa msandali, mpaka kidoa kikachubuka, na damu ikaganda ndani. Siku ya nne kikawa cheusi. Fadhiya, aliyekitia weusi kwa mikono yake, akautangazia mtaa mzima wa Kuze kuwa bibi harusi ana saratani ya ngozi.

"Lakini hata daktari alikikata, Nabiha."

"Alikikata kwa sababu damu iliyoganda na saratani nyeusi hufanana. Alikitazama kwa kioo chake cha kukuzia, akaona vidimbwi vya damu, akasema huenda si kitu. Ila 'huenda' haikumtosha, akakipeleka maabara. Nilingoja siku kumi na moja. Nilikupigia mara nne."

"Nilikuwa kazini Shimanzi, malori yale..."

"Simu iliita, Huzaifa."

Muuza viungo akajifanya anapanga mdalasini.

"Niliogopa," Huzaifa akasema. "Mamangu alikufa kwa saratani. Sikuweza kuyaanza tena."

"Ungeniambia hivyo, ningekasirika kidogo. Ulinyamaza, nimekasirika sana."

"Bado wanitaka?"

"Nakutaka. Ndilo linalonikera."

Akalipia iliki, akaenda hatua mbili, akarudi.

"Kesho baada ya alasiri, njoo kwa baba. Uje na shangazi yako. Aseme ukweli mbele ya wale wanawake aliowaambia uongo. Akimaliza, ndipo upose upya."

"Na akikataa?"

"Utausema wewe."

Huzaifa akatoa simu papo hapo, akapiga. "Shangazi," akasema, wateja wote wakisikia, "tumemkosea Nabiha. Mimi zaidi yako."

Nabiha alibaki amekunja uso. Lakini hakuondoka.